Rangi ya Tano

Nimepewa siku nne niipake rangi.
Tani kumi na moja, magurudumu manne,
matangi mawili ubavuni, kama punda aliyetoka kisimani,
dohani fupi. Kengele haipo, iliuzwa.
Imesimama getini, kwenye kipande cha reli
kisichotoka kokote wala kwenda kokote.

Bosi kasema: kijani, na mistari myekundu.
Wageni wanakuja Ijumaa kutoka Moshi mjini.
Lakini rangi haishiki juu ya kutu.
Sharti kwanza ukwangue.

Nikakwangua.
Ya kwanza kutoka ilikuwa buluu, ya sherehe fulani
ambayo hakuna anayeikumbuka. Ilibanduka kama ganda la yai.
Chini yake kijivu, ya miaka ya foleni za sabuni,
masalio ya ndoo iliyopakwa pipa la molasesi.
Kisha nyekundu, nyembamba, ya haraka,
mtu aliyeipaka hakumaliza upande wa nyuma.
Kisha nyeusi ya mwanzo, nene, yenye kiburi.
Kwa hiyo nilibadilisha tindo mara mbili.

Kibao kinataja mji wa ng'ambo ilikoundwa,
na uzito, na mwaka ilipozimwa moto.
Kinasema ilivuta miwa.
Hakisemi nani aliivuta yenyewe,
Weruweru ulipofurika ikalala mtaroni kifudifudi,
watu tisini na kamba za katani, siku mbili,
mvua ikiwachapa, na nyimbo ziliisha siku ya kwanza.

Babu Ndewero alikuwa mchochea moto.
Saa tisa usiku yuko tumboni mwake na chepe,
kuni za mgunga kwanza, halafu makapi ya miwa,
mpaka mshale wa saa ya mvuke unyanyuke
taratibu, kama mgonjwa anayeitwa jina.
Fundi Gurdit alisikiliza beringi
kwa kuuma ncha ya bisibisi, macho kafumba.
"Analalamika kushoto," alisema. Na kweli ilikuwa kushoto.
Dereva alikuwa Mbwambo, Mpare wa maneno machache,
aliyevaa tai hata siku ya kusafisha majivu.

Nikafika kwenye koki, chini ya tangi la kulia.

Ule mwaka wa ukame pampu ya kambi namba sita
ilikufa, ikakaa siku tisa bila kufufuliwa.
Miwa ilipata maji. Miwa ilikuwa na mfereji wake.
Mbwambo, kila jioni, alisimama pale kambini.
"Napoza breki," alisema,
akatazama upande wa mlima, akawasha sigara.
Babu akashuka akafungua koki.
Wanawake walikuja na madebe, na sufuria, na beseni,
hakuna aliyesukumana, hakuna aliyeshukuru kwa sauti.
Maji yalitoka vuguvugu, yananuka chuma,
chai yake ilifanya utando wa mafuta.
Mama yangu aliogeshwa nayo
akiwa na siku tatu duniani.

Siku ya kumi karani akahesabu maji kiwandani.
Kitabuni akaandika: *Upotevu. Sababu haijulikani.*
Sababu ilikatwa mshahara, shilingi thelathini.
Mbwambo naye thelathini, na onyo kwa maandishi.
Babu aliitunza ile karatasi ndani ya Biblia,
kwenye kurasa za Kutoka.

Chini ya rangi nne koki ni ya shaba.
Mpini wake umelika upande mmoja,
umelika kwa kiganja, si kwa miaka.
Nikaufuta kwa kitambaa na mafuta ya taa
ukatoa rangi ambayo hakuna duka linaiuza.

Alhamisi jioni bosi akaizunguka, mikono mgongoni.
Kijani sawa. Mistari sawa.
Akainama.
"Umesahau hapa."
"Rangi imeniishia, bosi."
Akatazama kopo miguuni pangu, nusu bado imo.
Akatazama koki.
Akanikata elfu tano.

Sikubisha. Kwetu ni desturi.