Droo Kumi na Sita

Nilianza na utepe wa kupimia, si na pesa.
Ukuta wa kaskazini wa karakana: sentimita mia na tisini,
toa kumi za bomba la maji ya moto,
toa tano za mlango unaofunguka kwa hasira.
Jibu nililiandika kiganjani, nikavaa glavu juu yake.

Miaka thelathini na minne kiwanda cha karatasi
kiliniazima zana zake asubuhi,
jioni nikazirudisha, nikasaini: Tuulikki, mashine namba mbili.
Zangu mwenyewe zililala zilikopata.
Soketi kwenye mkebe wa kahawa,
tupa ndani ya soksi za Reijo,
patasi kichwa chini katika ndoo ya rangi,
na spana ya kumi, ile inayopotea katika kila nyumba,
haikuonekana tangu theluji ya mwaka juzi.

"Nunua," alisema Reijo, akimenya viazi.
"Nusu ya umri wako umetafuta, nusu umekaza."

Duka liko ng'ambo ya reli, Thunder Bay,
mwezi Machi, chumvi ya barabarani hadi magotini.
Kijana wa duka akamsalimia Reijo,
akamweleza Reijo uzito, kufuli, unene wa bati,
na Reijo, asiyejua randa na msasa,
alisikiliza kwa adabu hadi mwisho,
kisha akanielekezea kidevu: "Mwambie huyu."

Wanasema kizuri chajiuza.
Lile jekundu lilijiuza mno, nikalishuku.
Nililibonyeza ubavuni kwa dole gumba:
bati likaitikia ndani, likaitikia nje.
Jeusi nililivuta droo, ikaja ikisaga
kama mtu anayekula wali wenye mchanga.

La buluu lilikuwa nyuma, karibu na choo.
Pembe imebonyea, forklifti ililipiga busu.
Nikafungua mkoba, nikatoa chuma changu,
kilo saba, mraba,
nilichokichonga mwaka wa kwanza kazini
nikakataliwa kwa nywele moja ya milimita.
Nikakiweka droo ya tatu, nikaivuta hadi mwisho wa reli zake,
nikachuchumaa nitazame chini yake.
Haikuinama.
Niliirudisha kwa kidole kimoja. Haikusema neno.

"Na hili bonyeo?" nikauliza.
Kijana akaenda kumwita mkubwa wake.
Mkubwa akaangalia pembe, akaangalia kile chuma,
akaangalia mikono yangu.
Dola mia tatu zikaanguka bila kelele.

Jirani yetu Kowalchuk alilileta kwa tela
akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.
Kizingiti kikalikataa. Nilikuwa nimepima ukuta,
nimepima mlango, sikupima kizingiti.
Ikabidi tulivue droo, moja moja,
kumi na sita, tukazipanga uani
juu ya theluji ya zamani,
na ile mpya ikaanza kushuka, bila haraka,
ikazipitia zote,
za kina kirefu na zile nyembamba za bisibisi,
hata kitu cha kwanza nilichohifadhi humo
kilikuwa kitu cha kukung'uta.

Usiku nilipanga. Mikeka ya raba ilinuka upya.
Jiliwa ndogo chini kabisa, keekee juu yake,
tupa zikavuliwa soksi.
Kwenye safu ya spana, nane, tisa, kumi na moja,
niliacha pengo, kama jino.

Reijo alishuka na kikombe cha chai
na kitu kingine amekifumbata.
"Mpini wa sufuria ulilegea," alisema, "mwaka juzi.
Sikutaka kukusumbua."
Akailaza mahali pake mwenyewe. Alikuwa ameshaliona pengo.

Alipolala nilikwenda jikoni, nikaishusha ile sufuria.
Nati kaiweka kinyume, na kipete amekisahau.
Nilijaribu kuitikisa. Imekaza.
Nikairudisha kwenye msumari wake.