Kurudi na Ukuta

Somoe, kule chini tulikuwa tunaula mlima
kama watoto wanavyokula ugali wa muhogo:
kila mmoja na shimo lake,
na kati ya shimo na shimo tunaacha nguzo
nyeusi, nene, za makaa yale yale tuliyoyafuata.
Nusu ya mali ilibaki humo, imebeba paa.
Chiwalo alizihesabu kwa kidole kila zamu,
kama mkulima anayehesabu magunia ya korosho ghalani
asiyemwamini karani.

Siku nguzo ya kumi na saba ilipochoka
haikutoa sauti ya kutosha.

Sasa wamebadilisha. Nimekuja Chuno nikueleze,
maana barua ya kampuni haikueleza kitu.
Tunatoboa njia mbili mpaka mwisho wa makaa,
mita mia tisa, mali tunaipita tu,
tunaziunganisha kule mbele, ndipo tunaanza
kurudi. Ukuta mmoja mrefu;
mashine inaukuna kama nazi, huku na huku,
na jeki za chuma, bega kwa bega, zimetubebea paa.
Tukishakata, moja moja zinainama,
zinasogea hatua, zinasimama tena.
Nyuma yetu paa tunaliacha lianguke.

Tunaliacha, Somoe. Ndivyo inavyotakiwa.
Wiki ya kwanza vijana wa Nanyamba walikimbia
kila mlima uliponguruma. Msimamizi akacheka:
Ukilisikia, shukuru. Ogopa likinyamaza.
Paa linaloning'inia bila kuvunjika
linajilimbikizia uzito,
halafu siku moja linashuka lote,
na upepo wake unamwangusha hata aliye mbali.

Ukanipakulia kisamvu. Ukaniuliza nauli siku hizi ni bei gani.
Malori ya makaa yalikuwa yanapita kwenda bandarini,
vikombe vinagongana kabatini,
na mimi nilikuwa nimeshaambiwa na jirani yako, pale mlangoni,
kwamba huu mwezi wa nane
hujalia.

Nikaiweka kofia yake mezani,
taa bado imefungwa kwa waya
alioukaza mwenyewe kwa meno.
Ukaifuta kwa pindo la kanga.
Ukafuta tena pale palipokwisha takata,
ukafuta,
kisha nikasikia kitu kidogo sana,
kama kokoto ya kwanza.

Nikasogeza kiti nyuma, hatua moja.
Sikukwambia nyamaza.