Penseli

Lushinge, binamu, kazi umeifanya.
Karatasi nne za manila umeziunga kwa gundi,
zimelala mezani kwako hapa Kitangiri,
pembe moja imekaliwa na kopo la siagi, nyingine na kiatu.
Mistari imenyooka kama mipaka ya viwanja
ulivyoipimia serikali miaka thelathini;
hakuna babu aliyepinda.

Nimekunywa chai. Nimetafuna michembe, nimesifu.
Nimesifu mwandiko, na bluu ya wanaume,
na nyekundu ya wanawake, na jinsi ulivyofika hadi Magu
kuwauliza majina wazee wasiosikia vizuri.
Sifa zote ni za kweli. Nazitanguliza
kama mkunga anavyopasha viganja vyake
kabla ya kuligusa tumbo la mtu.

Basi, taratibu.
Hapa, Bibi Minza: umeandika kazaliwa thelathini na moja,
na mwanawe Bundala thelathini na nane.
Nimefanya kazi wodi ya wazazi tangu nikiwa na kiuno,
sijampokea mama wa miaka saba.
Labda karani wa kodi alimkadiria kwa kumtazama meno.
Sisemi umekosea. Nasema mbili na tatu
hufanana, wino ukilowa.

Na huyu Ngolo wa Kayenze na yule Ngolo wa Kayenze
si mtu mmoja aliyeolewa mara mbili.
Mmoja ni shangazi yetu, mwingine ni somo yake,
walichota maji pamoja, basi.
Ukimwoza shangazi tena leo, ameshazikwa,
ng'ombe atapokea nani?

Umecheka. Vizuri. Cheka sasa,
maana lililobaki halichekeshi.

(Harufu ya dagaa imepanda kutoka ziwani.
Juu ya bati la jirani korongo amesimama
kama mkaguzi wa hesabu. Nangoja aondoke.
Haondoki.)

Hapa juu. Watoto wa Nyanzobe.
Shija umempigia mstari mnene, mzaliwa wa kwanza,
na mstari huo ndio umetuning'iniza sote.
Lushinge. Shija.
Litamke tena, polepole.
Nani kwetu huitwa Shija
kama hawakumtangulia wawili, tumbo moja, siku moja?

Umeweka rula chini.
Hata mimi nilipita hapo mara mia.
Babu Shija, nipe shilingi. Babu Shija, nibebe.
Na kila tulipomwita tulikuwa tunawaita
Kulwa na Doto, na hatukujua
kwa nini hakuitika haraka.

Nyanzobe hakusema. Ila mvua ikikaribia
alimwaga maji kizingitini, kata moja,
akarudi mtungini, akamwaga nyingine.
Nilimuuliza, mbona mara mbili?
Akasema kata ni ndogo.

Wazee wa Magu hawakukudanganya.
Uliwauliza nani alikuwa wa kwanza;
wao, kwa masikio yale, walisikia
nani alikua.

Na usinitazame hivyo. Mwaka wangu wa kuzaliwa, ndiyo,
ni huo huo ulioandika, hapo chini kabisa.
Miaka miwili niliipunguza mwenyewe, kwa ajili ya ajira.
Umeipata wapi? Acha. Usiufute.

Nimekuja na penseli, hii hapa.
Nimeichonga njiani kwa kisu cha machungwa.
Siandiki mimi; karatasi ni yako, na miguu iliyochoka ni yako.
Upande wa kushoto wa Shija pana nafasi,
sijui kwa nini uliiacha.
Chora mistari miwili mifupi.
Bila tarehe. Bluu au nyekundu hatujui,
na hakuna aliyebaki wa kutuambia.

Hapana, Lushinge.
Bila rula.