Nundu

Kwenye fomu palikuwa na visanduku viwili:
kupumua, sura.
Nikatia alama kwenye cha kwanza,
maana hicho ndicho bima hulipa,
kalamu ikabaki inaning'inia juu ya cha pili
kama nzi asiyejua pa kutua.

Daktari Zaruhi hakuuliza.
Alichungulia kwa taa, akasema
ukuta wa ndani umepinda
kama mlango wa ghala baada ya tetemeko.
Hapa Gyumri hatuna mfano mwingine.

Si mbali, husemwa, ni pua na mdomo.
Basi jirani mmoja aliugua miaka thelathini,
mwenzake akamfanyia kazi usiku kucha bila ujira,
nami nikaamka kila alfajiri
ulimi mkavu kama soli ya kiatu.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, alisema mama,
aliyenipa hii yangu.
Mama, ng'ombe hapigwi picha ya pasipoti.
Ng'ombe hakai dawati la mbele
Hamparsum akifuatisha kivuli chake ubaoni kwa chaki,
darasa zima likacheka,
mwalimu naye akageukia dirisha, mabega yakimtikisika.

Niseme kweli, maana nusukaputi imeshanitoka:
kisanduku cha pili nilikitaka zaidi.

Walipunguza gegedu, wakachonga mfupa.
Siku nane za plasta, macho ya zambarau,
theluji ikianguka, nami nalala nimeketi
kama abiria aliyepitwa na kituo chake.
Ya tisa wakavuta pamba,
ndefu, jamani, ndefu kama kamba ya kisima,
na nyuma yake ikaingia hewa,
baridi, yenye ncha,
ikafika mahali ambapo sikujua ni pangu.

Kumbe ngazi za jengo letu zinanuka paka.
Kumbe koti la mama, lililotundikwa tangu mazishi,
linanuka sabuni na moshi wa sigara.
Mama! Sigara!

Nairi, binti yangu wa miaka tisa,
alinitazama mpaka chai ikapoa.
Kisha akagusa yake,
pale katikati, panapoinuka.
Hakusema neno.
Nami, mwenye tundu mbili wazi,
nikakosa pumzi.

Siku hizi Hrant halali.
Anasema kimya kinamgutusha.
Saa nane za usiku hunyoosha kidole,
akakiweka chini ya pua hii ngeni,
akasubiri.
Najifanya nimelala.
Nampulizia.