Hesabu ya Kiputo

Mjomba Ambakisye alikuja kwa basi la alfajiri kutoka Tukuyu
na kipande cha pangaboi la mtambo, kimefungwa kwenye kanga ya mkewe.
Akakibwaga mezani pangu, Iyunga:
"Wewe ndiye msomi. Nani kakitafuna hiki?"

Chuma kilikuwa na ndui.
Vishimo juu ya vishimo, kama gunzi lililopitiwa na dumuzi.

Nikasema: maji.
Akacheka. Maji yangu hayana hata punje ya mchanga,
nayachuja kwa wavu, mwaka wa kumi na tisa huu.

Basi nikayagawa maji vyumba milioni nne,
kila chumba na kanieneo yake, kasi yake, uzito wake.
Katikati kiputo kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi.
Kulia, chuma.
Kushoto nikasimamisha wimbi la mshtuko,
ukuta usio na unene.
Nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai.

Usiku wa kwanza kanieneo ilizama chini ya sifuri
na kompyuta ikaandika *si namba, si namba, si namba*
mpaka mwisho wa ukurasa.
Usiku wa pili umeme ulikatika, Soweto hadi Uyole.
Nilikaa gizani nikisikiliza lori
likishuka Iwambi kwa gia nzito.
Nikaikata hatua ya muda. Nusu. Nusu ya nusu.

Usiku wa tatu, baridi ya Juni imelalia bati,
nikaona:

wimbi likakisukuma kiputo mgongoni,
kikajikunja kama sikio,
mgongo ukageuka ulimi,
ulimi mwembamba wa maji
uliotoboa kiputo chenyewe, ukatokea ng'ambo,
ukachoma chuma.

Kufumba jicho ni karne mbele ya tukio lile.
Kompyuta yangu ilihitaji masaa tisa kulisimulia.

Meno sikuyaona. Niliona nafasi tupu,
na maji yakiikimbilia
bila breki.

Nikampigia. Saa kumi alfajiri; alikuwa macho, mtamboni.
"Ni viputo, mjomba. Vinauma vikifa."
Kimya. Nyuma yake mto ulikuwa unaongea peke yake.
"Kumbe ni hewa," akasema. "Sasa hewa
nitaichuja kwa wavu gani?"

Nikavuta pumzi nimweleze kina, kanieneo, mvuke.
Salio likaisha.