Kombolela kwa Namba

Mtaa wa Aggrey, duka lenye feni moja,
Elineema alinipangia jipiesi tatu mezani
kama mafungu ya nyanya.
Ya kwanza ina kioo cha rangi, inaimba ukiiwasha.
"Hii ndiyo ya wakubwa," akasema.
Nikaigusa kwa kidole changu cha Machi, kimelowa jasho,
ikanipeleka Bagamoyo.

Ya pili nyembamba, betri imefungiwa ndani:
ikizima, umezima nayo.
Ya tatu nene kama mche wa sabuni,
vitufe vya mpira, kioo cha kijivu,
inakula betri mbili za redio,
zile unazozipata hata Mbagala saa nne usiku.
Nikaitoa nje, nikaisimamisha juani,
nikangoja inase setilaiti ya nne.
Dakika mbili na nusu. Nikalipa.
Nimeshika mnyororo wa wapima ardhi miaka kumi na tisa;
chombo sikichagui kwa sura.

Kitendawili.
Tega.
Nyuzi sita, dakika arobaini na tisa, kusini;
thelathini na tisa, kumi na saba, mashariki:
nyumba yangu haina mlango,
mgeni huandika jina akaondoka.
Umeshindwa? Nipe mji.

Mji nikapewa, Dar es Salaam nzima,
nami nikautumia vibaya.
Kopo la rangi, nikalizungushia utepe mweusi,
nikalisokomeza chini ya benchi la bustani ya umma,
ubavuni mwa ukuta wa ofisi,
Jumapili, bila kumwambia mtu.

Jumatatu saa mbili Bi Mwanamvua alikuwa anafagia.
Akaliona. Hakupiga kelele.
Aliulaza ufagio chini kama anayelaza mtoto,
akawaondoa watu mmoja mmoja:
muuza kahawa, wanafunzi wawili,
bwana aliyesinzia na gazeti.
Mwaka wa tisini na nane alikuwa na ndoo kichwani,
si mbali na ubalozi,
aliposikia mji ukipasuka.
Sikio lake la kushoto linavuma hadi leo.

Ndani ya kopo: daftari, penseli,
gololi tatu za mwanangu.
Polisi walicheka. Yeye hakucheka.
Aliniuliza tu,
"Bustani hii uliiazima kwa nani?"

Swali hilo nimelijibu polepole.
Kopo sasa ni la plastiki angavu, gololi zaonekana toka nje;
jina langu, namba ya simu, neno MCHEZO
kwa wino usiofutika.
Barua ya ruhusa ina mhuri
(niliifuata mara nne; mara ya tatu karani alikuwa msibani).
Mtini sipigilii msumari.
Mtaka cha mvunguni huinama, wahenga walisema;
hawakusema achimbe.
Bikoni ya mpaka siigusi, hata iwe imelala ubavu:
hapo pana kesi ya mtu.
Na Pande nilikuwa nimeficha moja, nimekwenda kuitoa.
Bwana misitu alinionyesha: nyayo za wageni wangu
zimezaa njia, njia imezaa mbili,
na ya tatu anaipita mchoma mkaa.
Namba zake nilizifuta mwenyewe, kwa vitufe vilevile vya mpira.

Jumamosi nilimkabidhi Bi Mwanamvua chombo.
Alikishika kwa mikono miwili, kama sahani ya moto,
akatembea, akasimama.
"Kinasema nimefika."
Hapakuwa na kitu. Majani, bomba la maji, siafu.
Nikamwambia ukweli ambao Elineema hausemi:
hata cha bei kubwa hukufikisha kwenye wasiwasi,
mita tano huku, mita sita kule.
Kuanzia hapo ni macho.

Akakitia mfukoni.
Akaiangalia ardhi aliyoifagia miaka yote hiyo,
mistari ya ufagio wake wa asubuhi,
na mahali pamoja, nyuma ya bomba,
ambapo mstari ulikuwa umekatwa na kiatu changu.

Akafungua. Hakuandika jina.
Aliandika, kwa herufi kubwa za kusukumana,
NIMEKUTA PASAFI,
akachukua gololi ya bluu,
akaacha kifungo.