Jozi

Gari hili lilikuwa la muuza nyama kabla sijalinunua;
mvua ikinyesha bado linanuka ini.
Mlango wa nyuma naufunga kwa kamba ya nailoni.
Ndani mna godoro, jiko la gesi la jicho moja,
na kitabu cha ramani kilichonyofoka kurasa za Bretania.
Haidhuru. Bretania ndiko nilikotoka.

Mei nilichuma stroberi kwa magoti.
Julai nilisuka vitunguu saumu, vichwa kumi kwa kila msuko,
hadi ndoto zangu zikanuka.
Septemba zabibu: mgongo ukakataa kunyooka,
nikawa natembea kama mtu aliyedondosha pete.
Hakuna aliyeniuliza jina mara mbili.
"Yule wa garini," walisema, na nikaitika.

Oktoba, Dordogne, kwenye ubao wa duka la mkate,
kipande cha karatasi, mwandiko wa penseli:
*Natafuta mikono. Jozi.*

Bi Ghislaine alikuwa na miaka sabini na tisa,
ng'ombe wawili, mijozi mia moja na arobaini,
na hakuwa na maneno ya kutupa.
Aliyatazama matairi yangu kabla ya uso wangu.
Akaingia ndani, akarudi na buti za mpira.
"Za Firmin. Hazihitaji tena."
Zilinienea. Hilo lilitutisha sote wawili.

Jozi huanguka zenyewe, usiku,
to, to, to, juu ya bati la gari,
kama mtu anayehesabu deni la jirani.
Asubuhi unainama, unaokota, unamenya ganda la kijani,
nalo linakulipa kwa wino.
Siku ya tatu nilikuwa mweusi hadi kwenye vifundo vya mikono.
Sabuni haikufua dafu, wala siki, wala limau.
Akaninyooshea yake:
"Mimi ilianza mwaka wa harusi."

Jioni ni supu ya boga, mkate wa juzi,
na nyundo ndogo juu ya jiwe.
Ndani ya kila gamba mna nusu mbili
zimekunjana kama wazee wanaogombea blanketi usingizini.
Alikula nusu moja.
Ya pili aliiweka ukingoni mwa sahani,
na sikuuliza.
Usiku wa kumi na moja aliisukuma upande wangu.
Ilikuwa chungu kwenye ngozi, kisha tamu.
Redio ikatangaza baridi kali.
Akainuka kwenda kuwafunika ng'ombe.

Novemba chini ya miti pakabaki majani matupu.
Malipo: noti ndani ya bahasha ya mbegu za karoti,
mayai sita, chupa ya mafuta aliyoyakamua mwenyewe.
Buti nilikuwa nimeziosha, nikazipanga mlangoni,
kulia na kushoto, vidole vikielekea ndani.
Alizitazama kwa muda mrefu.
"Tairi la nyuma limechoka," akasema. "Usilikimbize."
Hiyo ndiyo kwaheri iliyokuwepo. Sikudai nyingine.

Kituo cha mafuta, kabla ya Cahors,
kijana wa kaunta akaiona mikono yangu juu ya noti.
Hakuniuliza natoka wapi.
"Jozi," akasema. "Mama pia.
Itakutoka kabla ya Krismasi."

Nimeegesha kando ya mto. Juu ya bati hakianguki kitu.
Kwa mwanga wa kurunzi nakagua:
kucha zimeanza kung'aa,
wino unarudi nyuma, unajificha kwenye mistari ya viganja.
Mkono wa kulia nimeuachia sabuni, maana ndio unaokula.
Wa kushoto sijauosha tangu Jumatatu.
Naulaza juu ya blanketi, chini ya mwanga,
peke yake,
nusu ya kitu.